Makuti Meusi ya Malindi

Mimi tangu nizaliwe nina ugonjwa wa kuuliza. Mume wangu wa kwanza aliponiacha, na watu wakataka kujua sababu, aliwaambia: "Yule mwanamke ukimletea samaki atakuuliza kavuliwa wapi, na kwa nini kule, na wenzake wamebaki na nani." Maskini, hakusema uongo. Nikakusanya vyombo vyangu nikarudi kwa bibi yangu, mama yake mama, mtaa wa Malindi hapa mjini Unguja, na huko nikaanza kuuliza swali moja ambalo mpaka leo, meno yameshaning'oka, sijalimaliza: nani anayeamua mtu alale wapi na karafuu ilale wapi?

Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na ua, imebanwa na majumba ya mawe kama mtoto aliyelala kati ya wazazi wake. Nyuma ya majumba hayo ilikuwa forodha, na forodhani walikuwako wachukuzi, na wachukuzi wana njaa. Bibi akiwapikia. Mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, na pilipili ya kusaga ambayo watu wakiitukana huku wakiiongeza. Alikuwa na kanuni yake: chakula cha mchukuzi hakitaki kutafutwa. Akitua gunia na kugeuza shingo, akuone. Ukimwambia apige hatua nyingi atakula mkate mkavu na kulala chini ya ukuta.

Kwa hiyo kiwanja kile kwake hakikuwa kiwanja tu. Kilikuwa riziki yake, na zaidi ya riziki.

Bibi yangu aliletwa Unguja kutoka bara akiwa kigori, akauzwa, akaingia katika nyumba moja kubwa ya Waarabu pale pale Malindi. Akapika, akalea, akanyonyesha. Bwana mkubwa wa nyumba ile, alipohisi kifo kinamjia, alimwacha huru kwa ajili ya Mungu, miaka kabla serikali haijaondoa utumwa. Akampa na mahali pa kujenga kibanda, ubavuni mwa nyumba kubwa. Aliyasema mbele ya mashahidi, na bibi aliyahifadhi maneno yale kama anavyohifadhi Kulhuwallahu: akae hapo yeye na kizazi chake, pasi na kodi, maadamu nyumba yake imesimama. Nyumba ikianguka, kiwanja kirudi kwa wana wa bwana.

"Maadamu imesimama," bibi akipenda kusema, na kuupiga ukuta kofi kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni. "Basi nami naisimamisha."

Na kweli hatukulipa hata pesa moja. Mimi nikiona raha iliyoje, kukaa bure katikati ya mji.

Ila lilikuwapo jambo moja lililokuwa likinikera mpaka nikitaka kupasuka. Bwana mkubwa alikuwa ameacha mtoto wa kiume, tukimwita bwana mdogo, na huyo bwana mdogo bibi ndiye aliyemnyonyesha na kumfulia winda zake. Kila asubuhi akipita kwenda msikitini au barazani kwa wenzake. Na kila asubuhi bibi yangu, mtu mzima, kichwa chote mvi, akiinuka juu ya kibao chake cha mbuzi ya nazi na kumwambia: "Shikamoo, bwana."

Naye akijibu, "Marahaba, yaya," kwa upole, maana hakuwa mtu wa kiburi. Lakini nyinyi wa siku hizi mnaitoa shikamoo kwa kila mkubwa, hamjui. Siku zile ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake. Waungwana wakisalimiana sabalkheri na masalkheri.

"Bibi," nikimwambia, "wewe huru. Huru wa Mungu na huru wa serikali. Mwambie sabalkheri kama watu."

"Menya mihogo," akinijibu.

Wallahi miaka mingapi hiyo, na jibu ni hilo hilo. Menya mihogo.

Sasa likaja gari la moshi. Waliolijenga walisema litaunganisha mji na Bububu, na kweli liliunganisha, lakini njia yake ilipita kwenye vichochoro vyetu, karibu mno na watu, hata aliyekaa barazani akilisikia hukunja miguu. Mimi nililipenda. Nisingoje kuulizwa: nililipenda sana! Nilikuwa nikiacha chungu motoni kwenda kulitazama, na kujiuliza wale wanaoshuka wametoka wapi, na wale wanaopanda wanakwenda kufanya nini Bububu ambako jana hawakuwa na haja nako. Niligundua kitu. Wauza maembe waliokuwa wakilala njiani na punda wao hawakulala tena njiani. Wapika chai wa njia ile, ambao riziki yao ilikuwa uchovu wa wengine, wakafunga. Hakuna aliyewafukuza. Watu waliacha kuchoka, basi.

Kisha pakaungua. Si kwetu, ni mtaa wa pili, nyumba kadhaa za makuti, mchana wa kaskazi jua likiwaka. Mtu hakufa, alhamdulillahi. Wengine wakasema ni cheche za gari la moshi. Wengine wakasema hapana, ni hawa wanawake wapika samaki, mafuta yao na vifuu vyao vya kuwashia moto. Mjini kulikuwa na wanawake wengi kama bibi, kila mmoja na jiko lake karibu na wachukuzi wake, na siku zile walikuwa wakipita wakitazama chini.

Mbiu ikalia. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na jambo lenyewe lilikuwa hili: nyumba za makuti zilizomo mjini ziachwe kama zilivyo, bali ni marufuku kuezeka makuti mapya. Kuti likioza, mtu atie bati, au ahamie ng'ambo ya pili, kule upande wa pili wa mkono wa bahari unaouzunguka mji, ambako makuti ni ruhusa.

"Moto umetoka garini," nilisema, "na yanayotolewa ni makuti?"

"Gari lina mwenyewe," akajibu mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye naye alikuwa mchukuzi wa forodhani na alikuwa akila kwetu kila siku. "Makuti yana nani?"

Bibi alikuwa akitazama juu. Bati lilikuwa la wenye mali, hata kuliota hatukuliota. Na makuti, hata yawe mazuri vipi, yana umri wake. Masika mbili tatu yanakwisha. Mvua ikishapita, mapau huoza. Mapau yakioza, kuta hunywa maji. Na kuta zikinywa maji, nyumba haisimami.

Hebu tazameni, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kulifahamu. Bwana mkubwa alisema kwa wema: maadamu imesimama. Serikali ikasema, nayo ikidhani ni kwa wema: msiezeke. Ukiyaweka maneno mawili haya pamoja, bibi yangu katolewa Malindi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia toka.

Na kulikuwa na mtu wa tatu, mfanyabiashara, aliyekuwa akitafuta mahali pa kujenga ghala la karafuu karibu na forodha. Alikuwa ameshazungumza na bwana mdogo. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Paa letu likivuja, nafuu ilikuwa kwao.

Siku moja nilimkabili bwana mdogo barazani kwake. Bibi angelijua angenichuna ngozi. "Bwana," nikamwambia, "kwa nini unataka kuuza?"

Alinitazama, kisha akacheka, si kwa furaha. "Karafuu zinaiva zote kwa pamoja," akasema. "Zamani baba akitoa amri, wanachuma. Sasa mchumaji anataka ujira, na ana haki yake, na majirani zangu wote wanamtaka siku ile ile. Nakopa ili nichume. Nikishachuma, serikali inachukua ushuru wake, mkopeshaji anachukua chake, mimi nabaki nanusa mikono. Nisipouza kiwanja, nitauza nini?"

Niliondoka pale nimeduwaa. Wachumaji wale ni watu kama bibi yangu, waliotoka utumwani. Uhuru wao ulimfilisi bwana mdogo, naye kwa kufilisika alitaka kuuza mahali bibi alipopewa kwa uhuru wake. Nilikwenda nalo kichwani siku nzima, nikaunguza samaki. Bibi akanifokea mpaka jirani wakatoka nje, maana katika nyumba ile kuunguza kilikuwa kitu kisichokuwapo.

Ilipokaribia masika bibi akaja na shauri lake. Alituita mimi na mjomba jikoni, akafunga mlango.

"Kuti jipya lina rangi gani?"

"Ya majani makavu," akasema mjomba.

"Na kuukuu?"

Sote tukatazama juu. Lilikuwa jeusi ti, limemetameta masizi.

"Basi," akasema bibi. "Tutaleta mapya kidogo kidogo, tutayafukiza moshi mpaka yawe meusi, tutayachomeka. Akija wa serikali ataona kuti kuukuu tu. Nani atajua?"

Loo, tuliona akili imekwisha duniani! Mjomba akawa anavusha makuti kutoka Kikwajuni, ng'ambo kule, chini ya mizigo ya kuni. Bibi akayapanga juu ya jiko, akawasha vifuu vibichi, na moshi wake ukatutoa machozi na kamasi. Wateja wakilalamika kwamba hata mihogo inanuka moshi. Bibi akiwaambia ndiyo mapishi mapya.

Tulichagua Jumapili, siku ambayo wazungu wa ofisini hupumzika. Mjomba hakuthubutu kupanda juu ya paa, kwa kuwa madirisha ya majumba ya mawe yana macho. Alisimama ndani juu ya kitanda, akitoa lililooza na kuchomeka jeusi, moja baada ya moja, mimi nikimpokeza. Yalipokwisha, bibi akasimama katikati ya chumba akageuza kichwa huku na huku. Hakuna aliyeweza kusema lipi jipya na lipi la zamani. Akatabasamu, jambo adimu. Kisha tukatoka nje kutazama.

Jirani yetu alikuwa amesimama njiani na ndoo yake kichwani, mdomo wazi. "Ala! Bi mkubwa, nyumba yako leo imepaka wanja?"

Enyi watu. Kuti huwa jeusi kwa ndani, kwenye moshi. Kwa nje jua hulipiga mwaka hadi mwaka likawa jeupe kama mvi. Mapaa yote ya Malindi yalikuwa meupe, na letu katikati yake jeusi kama sufuria. Bibi yangu alikuwa mpishi maisha yake yote, na maisha yake yote alikuwa akilitazama paa kutoka chini. Mjomba mchukuzi, shingo imeinama. Na mimi mwenye kuuliza kila kitu, hilo silo nililouliza.

Tulirusha majivu juu ya paa. Upepo ukaturudishia machoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na bibi naye akacheka, kisha akaacha ghafla, akajifuta macho akaingia ndani.

Haikupita wiki, akaja mkaguzi, mzungu mmoja kijana mwenye kofia ngumu, pamoja na tarishi wake, mtu wa hapa hapa mjini. Mzungu alilitazama paa kwa muda. Akanyoosha mkono, akashika ncha ya kuti kwenye upenu, akanusa vidole vyake. Akamwambia tarishi kitu.

"Anauliza," tarishi akasema, "moto uliwaka hapa lini?"

Watu walikuwa wameshajaa. Wachukuzi, majirani, na wale wanawake wapika samaki, wamesimama pembeni na miiko yao mkononi. Bwana mdogo naye alikuwa kwenye baraza lake.

Tarishi alikuwa mtu mwema. Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini: "Bibi, sema paliungua kidogo, pakazimwa. Yatakuwa makuti ya zamani yaliyobabuka, si mapya. Ya zamani yanaruhusiwa. Ntakuombea, hawatakutoa."

Nikamshika bibi mkono. Nikamwambia, "Bibi, sema. Neno moja tu." Nilikuwa tayari kulisema mimi.

Aliwatazama wale wanawake. Naye ndipo akafahamu kabla yangu, mimi mwenye kujidai kufahamu. Akisema paliungua, basi moto watoka majikoni, mpishi amekiri kwa kinywa chake, na kesho mbiu italia tena, na majiko yote ya forodhani yatavuka maji. Na pia, nitasema kweli, alikuwa na kiburi chake.

"Mwambie," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "hapajaungua hapa hata siku moja. Mimi siunguzi. Haya ni makuti mapya, nimeyafukiza mwenyewe."

Tarishi alifumba macho kidogo. Kisha akamfasiria.

Basi makuti yakashushwa. Nyumba isiyo na paa ilipata mvua za masika zote, na kabla ya Ramadhani ukuta wa mbele ukalala chini kwa utulivu, kama mzee aliyekaa kupumzika. Ardhi ikarudi kwa bwana mdogo kama ilivyosemwa, naye akamwuzia mfanyabiashara. Alikuja kumwambia bibi mwenyewe, macho yake chini. "Nimeshindwa, yaya," akasema. Bibi akamwambia shikamoo, kama kawaida, huku akifunga masufuria yake kwa kamba. Nilitamani kumrushia mtu sufuria, sijui ni nani.

Tulihamia Kikwajuni. Tulichukua mlango, mapau yaliyopona, na makuti meusi yote, kwa sababu nyumba ya makuti mwenyewe huhama nayo, kinachobaki ni udongo. Huko kiwanja kilikuwa cha mtu mwingine, na kila mwezi akija msimamizi wake kuchukua kodi. Usione vyaelea, vimeundwa: ng'ambo ile ambayo nilidhani ni mahali watu walipojikalia tu, kila kipande kilikuwa na mwenyewe, na kila aliyetolewa mjini alimwongezea mwenyewe faida.

Bibi alilia siku saba za mwanzo. Nani atakula huku, akisema, mchukuzi yuko forodhani. Mimi nikatoka kuzunguka, maana miguu yangu hainyamazi. Nikawaona alfajiri, njia zote za Ng'ambo, wanatoka vibandani mwao mmoja mmoja wakielekea darajani: wachukuzi wetu. Karibu wote walikuwa wanalala huku. Mvua moja moja, kuti moja moja, walikuwa wameshahama, na sisi tuliokuwa tukiwapikia kila siku hatujui wanakolala. Nikarudi mbio. "Bibi, washa moto! Wanapita mlangoni!"

Akawasha. Wakala kabla ya kuvuka. Na makuti yale ya moshi, mdudu hakuyagusa. Yalidumu kuliko ya jirani zetu wote, mpaka watu wakawa wanatuuliza tunafanyaje. Kule mjini likajengwa ghala zuri la mawe na bati. Kila nikienda Malindi nikipita hapo na kuinusa karafuu ndani. Msimu ukiisha, lilikuwa tupu, limefungwa kufuli, mahali pazuri kabisa pa kulala watu. Wale wanawake wapika samaki bado walikuwako. Wakiniona wananipa salamu za bibi, na mmoja kila mara akinifungia samaki bila kunitazama usoni.

Mwaka mmoja, baada ya msimu mbaya, nyumba kubwa nayo ikauzwa. Bwana mdogo alikuwa akihamia shambani kwake upande wa Bububu, kwenye kilichobaki. Asubuhi moja tukasikia hodi Kikwajuni, na huyo amesimama mlangoni kwetu, kwa miguu, kanzu yake imeingia vumbi. Wachukuzi wakaacha kutafuna. Mimi nikangoja niisikie ile shikamoo, nikauma meno tayari.

Bibi alikuwa akigeuza samaki. Hakuinuka.

"Sabalkheri, bwana," akasema.

Bwana mdogo alishika mwimo wa mlango. "Akheri, yaya," akajibu. Bibi akamwonyesha mkekani, wachukuzi wakasogea, akakaa kati yao akala mihogo na samaki, kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa miiba. Alipoondoka alimshika bibi mikono yote miwili.

Miaka nilikuwa nimeliomba neno lile, na siku lilipokuja halikunipa furaha hata chembe. Nikamfuata jikoni. "Bibi, leo mbona hukumwambia shikamoo?"

"Ile ilikuwa kodi," akasema bibi yangu, akitia samaki mwingine kwenye mafuta. "Huku nalipa kwa pesa."